Mkia wa Farasi: Urefu Usiotoka Chupani

Nilipomkuta saisi huyo mzee ilikuwa saa kumi na moja jioni, katika banda la farasi pembezoni mwa Nairobi. Alikuwa amesimama ubavuni mwa farasi jike wa rangi ya kahawia, si nyuma yake, na mkia ameushika katikati kwa mkono wa kushoto kama mtu anayemshika mtoto wakati wa kuvuka barabara. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa nchani vikichambua fundo moja. Lilipofunguka, alipanda juu kiasi cha upana wa kiganja, akaanza jingine. Chanuo lilikuwa mfukoni, na nusu saa ilipita bila kutolewa. Alipomaliza alinifungulia kiganja chake. Mlikuwa na singa tatu. "Leo tumepoteza hizi tu, dada," akasema, kisha akauinua ule uliokuwa mrefu kuliko zote. "Huu ulianza kuota mjukuu wangu hajaingia shule. Sasa yuko darasa la tatu."

Hesabu yake ilikuwa sawasawa. Usinga wa mkia wa farasi hukua takriban sentimita 2 hadi 2.5 kwa mwezi, ukizidi au kupungua kidogo kulingana na asili ya farasi, umri, majira na chakula. Usinga wa sentimita 90, unaotoka kwenye shina la mkia hadi karibu na kifundo cha mguu, ni kazi ya miaka mitatu au minne. Mtu akivuta chanuo kwa hasira usinga huo ukakatikia katikati, amefuta zaidi ya mwaka na nusu kwa sekunde moja, na hakuna mafuta duniani yatakayoirudisha miezi hiyo. Marekani kulikuwa na farasi aliyeitwa JJS Summer Breeze, wa Augusta, Kansas, ambaye mwaka 2007 mkia wake ulipimwa ukawa na sentimita 381, rekodi ya dunia ya Guinness. Kwa mwendo huo wa kukua, singa zile ndefu zilikuwa na umri wa miaka 12 au zaidi. Ninapousoma urefu ule, kinachonishangaza ni ile miaka yote ambayo nywele zile hazikukatika.

Hapo ndipo swali ninaloulizwa mara nyingi linapokwenda mrama. Mwenye farasi huuliza: nimpake nini mkia uote? Urefu wa mkia ni tofauti kati ya vitu viwili, kinachoota na kinachopotea. Kinachoota huamuliwa na damu ya farasi, lishe yake na afya ya ngozi yake. Tunaweza kukidhoofisha kwa urahisi, ila hatuwezi kukiharakisha. Farasi wa Friesia na wa Andalusia huzaliwa na asili ya mikia mizito. Appaloosa wengi wana mikia haba, na Akhal-Teke wa Turkmenistan, anayesifika kwa ngozi inayong'aa kama madini, ana nywele chache za shingoni na mkiani. Huyo hata umwogeshe kwa asali hatakuwa Mfriesia. Kinachopotea, kwa upande mwingine, kiko mikononi mwetu karibu chote, na uchambuzi wowote wa maana juu ya utunzaji wa mkia lazima uanzie kwenye hasara hiyo.

Kiswahili kimetuandalia maneno mazuri kwa kazi hii. Nywele ndefu zilizonyooka tunaziita singa, na mkia wa mnyama unaoshikwa mkononi kufukuzia nzi, ule mgwisho wa wazee na wenye cheo, tunauita usinga. Neno moja limebeba unywele na kazi ya unywele. Nitalirudia jambo hilo baadaye, kwa sababu mapambo mengi ya mkia yamesahau kazi hiyo.

Mkia wenyewe una sehemu mbili. Juu kuna shina, lenye nyama, ngozi na mifupa ya uti wa mgongo, kwa kawaida pingili 15 hadi 21. Chini ya hapo ni singa tupu. Unywele uko hai ndani ya ngozi tu, pale kwenye kitunguu cha mzizi wake. Ukishatoka nje ni keratini, protini ile ile ya kwato na kucha, haina damu wala uhai. Kwa hiyo chochote unachopaka kwenye singa hakiendi popote. Hakishuki kwenye mzizi, hakiulishi. Kazi yake yote inaishia juu ya uso wa unywele, na uso huo umefunikwa na magamba madogo yaliyopangwa kama vigae vya paa, yakielekea nchani. Vigae vikilala sawa, mwanga unarudi kwa pamoja na mkia unang'aa. Vikisimama au vikivunjika, kwa jua, chumvi ya jasho, mkojo, matope yaliyokauka au brashi ngumu, mwanga unatawanyika na mkia unaonekana umefubaa, tena kila unywele unang'ang'ania mwenzake na mafundo yanazaliwa. Ukosefu wa mng'ao na kukatika ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili.

Ndiyo maana saisi yule alianzia nchani. Ukianzia juu, kila fundo unalolikuta unalisukuma chini likutane na jingine, mwishowe unavuta kitanzi kizima. Alishika katikati ili mvuto wa vidole usifike kwenye ngozi. Alisimama ubavuni kwa sababu teke la farasi halina mazungumzo.

Kuna jambo moja ambalo sisi tuliokulia na nywele za kipilipili tunapaswa kulijifunza upya tukifika bandani. Nyumbani tumefundishwa, na ni kweli, kwamba nywele zetu zichanwe zikiwa na maji na kondishena, kwa kuwa zikiwa kavu zinakatika. Singa ni kinyume chake. Zikilowa huvutika, hurefuka, na zikivutwa kupita kiasi hazirudi. Zinabaki na jeraha lisiloonekana hadi siku zinapokatika. Mkia uliooshwa huachwa ukaukie kwenye upepo hadi ubaki na unyevu kidogo tu, upakwe kitu cha kuutelezesha, kisha ndipo vidole viingie. Chanuo pana huja mwisho kabisa, na mabanda mengi mazuri hayalitumii kila siku. Kuuchana mkia kila asubuhi ili upendeze ndiko kunakoumaliza polepole, na anayefanya hivyo hushangaa kwamba mkia wa farasi wa jirani, ambao haushughulikiwi, unamshinda wake.

Kuosha nako kuna kiasi chake. Ndoo ya maji ya uvuguvugu, mkia uzamishwe, sabuni laini isuguliwe kwa ncha za vidole kwenye ngozi ya shina ambako mba na jasho hukusanyika, halafu kusuuza, kusuuza, na kusuuza tena. Sabuni inayobaki kwenye ngozi inawasha. Farasi akiwashwa anajisugua. Akijisugua, unarudi ulikotoka. Sabuni ya vyombo, ambayo wengine huisifu kwa kutoa uchafu, inaondoa pia mafuta ya asili yaliyoulinda unywele. Mimi naona mara moja kwa mwezi inatosha kwa farasi wa kawaida, na asiyekwenda mashindanoni anaweza kukaa zaidi ya hapo. Vumbi la katikati ya mwezi litatolewa kwa mkono.

Sasa chupa. Wasomaji wengi wa Kiswahili hawajawahi kugusa farasi, lakini wameiona chupa yenye picha yake kwenye duka la vipodozi. Mane 'n Tail, ya kampuni ya Straight Arrow ya Pennsylvania, ilitengenezwa kwa ajili ya farasi, na umaarufu wake kwa wanawake ulikuja katika miaka ya 1990 pale waliotunza farasi walipoanza kuitumia vichwani mwao. Safari hiyo ya chupa kutoka bandani hadi saluni ina somo la kikemia: unywele wa farasi na wa binadamu ni keratini, na kinachoufaa mmoja hakiudhuru mwingine. Kondishena, iwe ya nani, ina chembe zenye chaji chanya. Unywele, hasa pale ulipojeruhiwa, una chaji hasi. Chembe zile hunasa kwenye majeraha, zinavilaza vigae, zinapunguza msuguano. Hiyo ni kazi halisi na ina thamani yake, kwa sababu fundo linaloteleza halivuti. Ila ni kazi ya kuzuia kukatika, na neno "kuotesha" lililoandikwa kwenye kibandiko halina mahali pa kusimama.

Dawa za kupuliza zenye silikoni zinafanya kazi hiyo hiyo kwa nguvu zaidi. Zinauvika unywele koti jembamba, mkia unameta mara moja, majani na miiba inateleza. Kabla ya mashindano hakuna kinachozishinda. Zitunze tu mbali na mgongo, kwa sababu tandiko likikaa juu ya nywele zilizopulizwa silikoni linateleza na mpandaji anaweza kuanguka. Mafuta ya madini na ya watoto wachanga yanang'arisha siku ya kwanza, siku ya pili yameshika vumbi lote la uwanja, na vumbi ni msasa.

Kuhusu mafuta ya nazi, ambayo pwani hatuhitaji kufundishwa, kuna utafiti wa Rele na Mohile uliochapishwa mwaka 2003. Walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini kwenye nywele za binadamu, wakaona kwamba ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini, kwa kuwa asidi yake ya lauriki ina umbo jembamba lililonyooka linaloweza kupenya ndani ya unywele. Walichopima si mkia wa farasi, lakini keratini ni keratini, na mimi nayatumia: kidogo sana, viganjani, yakipakwa kwenye nusu ya chini ya singa na si kwenye ngozi, jioni ambapo hakuna jua wala vumbi. Kijiko kimoja kikubwa kinatosha mkia mzima. Anayemimina kikombe atapata utambi wa taa.

Nimekaa sana kwenye chupa kwa sababu ndiko pesa zinakokwenda. Unywele unaotaka kuubadilisha, hata hivyo, bado haujatoka kwenye ngozi, na huko mlango ni mmoja tu, mdomo wa farasi.

Keratini inahitaji amino asidi zenye salfa, methionini na sistini, ambazo mwili huzipata kwenye protini nzuri. Inahitaji zinki. Rangi nyeusi na ya kahawia inahitaji shaba, kwa kuwa kimeng'enya kinachotengeneza rangi hiyo kinaitegemea; farasi mweusi anayegeuka kuwa na wekundu wa kutu anaweza kuwa amechomwa na jua na jasho, au amekosa shaba. Majani mabichi yana mafuta ya omega-3 kwa wingi, na majani makavu yamepoteza sehemu kubwa ya mafuta hayo, ndiyo sababu wengi huongeza mbegu za kitani zilizosagwa wakati wa kiangazi. Biotini nayo imepata sifa. Ushahidi wake mzuri uko kwenye kwato: farasi wa Lipizzaner waliopewa miligramu 20 kwa siku walipata kwato bora, na ilichukua takriban miezi 9 kabla tofauti haijaonekana sawasawa, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995. Kuwapa farasi biotini kwa ajili ya mkia ni matumaini yaliyoazimwa kwenye kwato.

Na hapa kuna hatari ninayotaka isomwe polepole. Katika miaka ya 1850, daktari wa jeshi la Marekani, T. C. Madison, akiwa Fort Randall, mahali palipo leo katika jimbo la South Dakota, aliandika juu ya farasi wa kikosi walioshikwa na ugonjwa wa ajabu. Nywele za shingo na mkia zilinyonyoka, kwato zikaumia, wengi wakafa. Sababu haikujulikana hadi miaka ya 1930: udongo wa eneo lile ulikuwa na seleniamu nyingi, na majani yaliifyonza. Seleniamu inafanana na salfa kiasi kwamba inaingia mahali pake ndani ya keratini, na keratini iliyojengwa kwa tofali hilo haishiki. Farasi wa kilo 500 anahitaji takriban miligramu 1 tu ya seleniamu kwa siku. Mwenye farasi anayenunua unga wa "kuotesha nywele", akaongeza na wa kwato, akaongeza na wa misuli, yote yakiwa na seleniamu, anaweza kuuangusha mkia alioutaka, na kumuua farasi juu yake.

Kwetu Afrika Mashariki kuna mfano ulio karibu zaidi na uzio. Mlusina, ambao wengine huuita lukina, umepandwa vijijini kwa miaka mingi kama malisho ya ng'ombe na mbuzi na kwa kurutubisha udongo. Ni mti mwema kwa mwenye ng'ombe. Majani yake yana amino asidi iitwayo mimosini, ambayo huzuia nywele kukua. Mnyama anayecheua anaweza kuivunja tumboni iwapo ana bakteria wanaofaa; bakteria hao waligunduliwa kwa wanyama wa Hawaii na baadaye wakapelekwa Australia kuwasaidia ng'ombe wa huko. Farasi hacheui. Akila mlusina kwa wingi, nywele za shingo na mkia humtoka kwa mafungu, ukishika mkia unabaki nao mkononi. Mwenye shamba anayekata majani ya mifugo na kuyagawa bandani bila kutenganisha anaweza kuhangaika miezi kwa mafuta na dawa za ngozi, wakati sababu imesimama kwenye mpaka wa shamba lake ikitoa maua meupe.

Lishe ikiwa sawa na mikono ikiwa laini, mkia unaweza bado kuharibika, na hapo karibu kila mara mhusika ni mwasho. Nilijifunza hilo kwa farasi niliyempenda sana, jike mdogo tuliyemwita Lulu, aliyekuwa anatunzwa katika banda moja nilikokwenda kila Jumamosi. Sehemu ya juu ya mkia wake ilianza kusimama kama ufagio wa chelewa. Kisha ikabaki vipara. Mwenye banda alileta chupa baada ya chupa: ya mba, ya ukungu, ya kuotesha. Mimi ndiye niliyezipaka. Kila wiki niliosha shina la mkia kwa bidii, na kila wiki nguzo ya kona ya banda ilikuwa imeng'aa zaidi kwa kusuguliwa, na nywele za Lulu zimenasa kwenye mipasuko ya mbao. Miezi minne ilipita hivyo. Daktari wa mifugo alipokuja kwa shughuli nyingine, aliinua mkia, akabandika utepe wa plastiki wenye gundi kando ya njia ya haja, akaubandua, akaenda kuutazama chini ya hadubini. Ulijaa mayai ya mnyoo.

Mnyoo huyo kitaalamu anaitwa Oxyuris equi. Jike hutoka hadi mlangoni na kutaga nje, kwenye ngozi, hadi mayai 60,000 ndani ya ute unaokauka na kuwasha. Mayai huiva ndani ya siku nne au tano, huanguka kwenye nyasi, kwenye hori, kwenye ndoo, na farasi huyala upya. Mzunguko mzima ni takriban miezi mitano. Upimaji wa kawaida wa kinyesi mara nyingi haumwoni, kwa sababu mayai hayamo kwenye kinyesi. Na dawa ya ivermektini, ambayo wengi huiamini kwa minyoo yote, imeanza kushindwa kwa huyu katika sehemu mbalimbali za dunia, kwa hiyo daktari ndiye wa kuchagua dawa. Kazi ya saisi ni kitambaa cha maji ya moto kila siku chini ya mkia, kitambaa kichomwe, hori na nguzo zisuguliwe. Sabuni niliyokuwa nikiipaka juu ya shina kwa miezi minne ilikuwa ikitibu mahali ambapo hapakuwa na ugonjwa. Sijaacha kuumia nikikumbuka mnyama yule alivyokuwa akinigeuzia makalio kila nilipoingia, akitafuta kusaidiwa mahali hasa panapomuuma, nami nikidhani ana utundu.

Mwasho wa pili unatoka hewani. Usubi, wadudu wadogo wanaouma jioni na alfajiri, huacha mate ambayo farasi wengine mwili wao hauyavumilii. Ngozi inavimba, inatoa maji, farasi anajisugua shingo na mkia hadi damu. Aisilandi inatoa ushahidi wa wazi. Kwa karne nyingi kisiwa kile hakikuwa na wadudu hao, na farasi waliozaliwa huko wakauzwa ng'ambo wakiwa wakubwa hushikwa na mwasho huo kwa zaidi ya nusu yao katika maeneo yenye usubi wengi, ilhali wale wa damu ile ile waliozaliwa ng'ambo huathirika mara chache zaidi. Mwili uliokutana na mate yale utotoni umejifunza kuyavumilia. Kwetu usubi ni adui wa zamani na mkubwa kuliko mikia, kwani ndiye anayeeneza homa ya farasi ya Afrika, ambayo pamoja na ugonjwa wa nagana unaoenezwa na mbung'o ndiyo iliyofanya farasi wawe wachache katika sehemu kubwa ya nchi zetu, na pwani tukabaki na punda. Habari njema ni kwamba usubi haruki kwa nguvu. Feni ya kawaida bandani inamshinda. Kuwaingiza farasi ndani kabla jua halijazama, kuondoa samadi na matope wanakozaliana, na shuka la wavu linalofunika hadi shina la mkia, vinafanya kazi ambayo mafuta ya kunukia hayawezi.

Kuna pia mambo madogo ya kuangalia kabla ya kulaumu wadudu: kiwele cha farasi jike na ala ya uume wa dume. Uchafu ukiganda huko, farasi hana mkono wa kujikuna, hivyo hujisugua mahali anapoweza kufikisha, nako ni mkiani.

Ukishazuia mwasho, unakuja ulinzi. Mkia husukwa butu moja la nyuzi tatu, kuanzia chini ya mfupa na si juu yake, lisikazwe, kisha likunjwe na kutiwa kwenye mfuko wa kitambaa. Butu hilo lifumuliwe kila wiki au siku kumi. Kwenye polo, kule Nairobi na Gilgil, mkia husukwa na kufungwa juu kabisa ili fimbo isinase, na hufunguliwa mchezo ukiisha. Bandeji ya kuzungushia shina ndiyo inayonitia hofu. Ikikazwa na kuachwa usiku kucha inazuia damu, na wako farasi waliopoteza ngozi ya mkia, na mkia wenyewe, kwa bandeji iliyosahauliwa. Saa moja ndani ya lori inatosha.

Hata mfuko ule laini una gharama. Mkia uliofungwa haufukuzi nzi. Farasi wa maonyesho anaweza kukaa na mfuko ndani ya banda lenye nyavu na feni. Farasi anayeshinda malishoni wakati wa mvua, ukimfunga mkia, umemnyang'anya mgwisho wake saa anayouhitaji. Katika Sunan ya Abu Dawud imo hadithi iliyopokewa na Utba bin Abd as-Sulami, ambamo Mtume (S.A.W.) anakataza kukata nywele za paji, za shingo na za mkia wa farasi, na sababu zinazotajwa kwa mkia na shingo ni za mnyama mwenyewe: mkia ni wa kufukuzia nzi, na nywele za shingo ni za kumpa joto. Uingereza ilifika kwenye sheria ya kupiga marufuku ukataji wa shina la mkia mwaka 1949, baada ya vizazi vya farasi wa mikokoteni kukatwa mifupa ili mkia usinase kwenye hatamu, au kwa sababu tu mtindo ulitaka hivyo.

Ukatili wenyewe haujaisha, umebadilisha sura. Katika baadhi ya maonyesho ya Marekani kumekuwapo watu wanaompaka farasi tangawizi njia ya haja ili abebe mkia juu kwa maumivu, aonekane mchangamfu kama farasi halisi wa Kiarabu. Na wengine, kwenye mashindano ambako mkia uliotulia unasifiwa, wamekuwa wakiudunga sindano ya kuua neva ili uning'inie kama kamba. Vyote viwili vimekatazwa na vyama vya farasi na vinapimwa. Mkia uliokufa neva hauwezi kumfukuza nzi hata mmoja, na hata kinyesi kinamchafua. Kwa mtu anayetaka uzuri wa siku moja, mikia ya bandia inayofungwa ndani ya singa za asili inaruhusiwa kwenye baadhi ya mashindano, na mimi sina ugomvi nayo. Ikivuliwa jioni, farasi anabaki na wake.

Zipo nywele za mkia zinazoendelea na kazi mbali na mwili. Ukimsikiliza mpiga fidla katika kikundi cha taarabu cha Unguja, sauti ile ndefu inayolia inatokana na singa 150 hadi 200 hivi za mkia wa farasi zilizotandazwa kwenye upinde wake, nyingi zikiwa nyeupe na kutoka Mongolia, Siberia au China. Wamongolia wenyewe wana morin khuur, chombo cha nyuzi mbili: ule mnene kwa mapokeo una singa 130 za mkia wa farasi dume, mwembamba 105 za jike. Mafundi wa pinde hukagua singa moja moja, wakizitupa zilizo na vidonda, zilizopinda, zilizobadilika unene. Wanazotafuta ni singa zilizofika urefu wote bila kuvutwa, bila kuunguzwa, bila farasi kupita kipindi cha njaa au homa. Anayeujua unywele kwa ncha za vidole anaweza kusoma miaka kadhaa ya maisha ya mnyama kwenye sentimita 70.

Lulu alitibiwa. Nguzo ya kona ilipakwa chokaa, hori likabadilishwa, nami nikabaki na kazi ya kitambaa na maji ya moto. Wiki tatu baadaye aliacha kujisugua. Vipara vilianza kutoa vinywele vifupi, vyeusi sana, vilivyosimama wima kama brashi mpya ya viatu, na baada ya miezi minane vilikuwa na sentimita 17 nilipovipima kwa futi ya fundi cherehani. Hatukupaka kitu zaidi ya nazi kidogo kwenye zile ndefu zilizosalia chini. Nywele za urefu huo haziwezi kufika ubavuni, sembuse usoni. Mchana wa jua kali nilimwona amesimama chini ya mgunga na farasi mzee aliyehasiwa, mwenye mkia mzito uliofika chini, kila mmoja kichwa chake kikielekea mkia wa mwenzake. Mkia wa mzee ulikuwa ukipita juu ya macho ya Lulu, ukirudi, ukipita tena, na wake mfupi ukijaribu kufanya vivyo hivyo upande wa pili.